Kermezi: Wekundu wa Mdudu na Wekundu wa Makaa

Neno kermezi, yaani wekundu ulioiva kama damu, halisikiki sana siku hizi. Lilitujia kupitia Kiarabu, na asili yake ni mdudu. Crimson ya Waingereza ni ndugu yake wa damu.

Mdudu huyo wa kale aliishi kwenye mialoni ya nchi za Mediterania. Wahispania walipoiteka Meksiko mwaka wa 1521, walimkuta huko mwenzake aliyemshinda mbali: kochinili, mdudu anayenyonya dungusi kakati. Ratili moja ya kochinili waliokaushwa ilihitaji wadudu wapatao 70,000. Si mchezo! Asidi iliyomo mwilini mwake, ikishikizwa kwenye sufu kwa chumvi ya bati, ilitoa wekundu mkali uliovaliwa na maofisa wa jeshi la Uingereza. Askari wa kawaida walivishwa wekundu hafifu wa mizizi ya mmea. Cheo cha mtu ulikisoma kwenye koti lake.

Kisha wakaja wanakemia. Mwaka wa 1858 Mjerumani Peter Griess, ambaye baadaye aliajiriwa katika kiwanda cha bia huko Uingereza (naam, bia!), aligundua misombo ya diazo. Kutokana na ugunduzi huo, mwishoni mwa miaka ya 1870 viwanda vya Ujerumani na Ufaransa vilianza kuunda rangi nyekundu za asidi kutoka kwa lami ya makaa ya mawe.

Hebu tazama zinavyofanya kazi. Sufu ni nywele, na nywele ni protini. Ichemshe katika maji yenye siki au asidi nyingine, nyuzi zake zitapata chaji chanya. Rangi yenyewe ina chaji hasi, basi huvutana zikashikana. Bati halihitajiki tena. Pamba haina protini, ndiyo maana rangi hiyo hiyo ukiitia kwenye leso hutoka ikifuliwa.

Walioumia ni wakulima wa visiwa vya Canary. Mizabibu yao ilikuwa imeharibiwa na ugonjwa katika miaka ya 1850, wakategemea dungusi kakati na wadudu wake. Bei ya kochinili ilipoporomoka, wengi walihama, wakavuka bahari hadi Cuba. Kisiwani Lanzarote, katika vijiji vya Mala na Guatiza, mashamba machache yangalipo.