MZAZI NA SHULE YA MWANAWE

Leo twataka kunena habari ya jambo lililowashughulisha wazee wa Afrika ya Mashariki kwa muda wa zaidi ya miaka mia: mtoto wa kiume apelekwe shule ipi? Mtu aweza kudhani ya kuwa hili ni neno dogo, la nyumba na nyumba. Sivyo. Katika nchi zetu, baba aliyechagua shule alichagua pamoja nayo dini, lugha na kazi ya mwanawe.

Asili yake ilikuwa hivi. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo, wakajenga kijiji cha watoto waliokombolewa utumwani, wakawafunza kusoma, kulima na kazi za mikono. Huko Unguja, wamisioni wa Kiingereza walikuwa na shule yao ya Kiungani. Watoto wale wa kwanza hawakuchaguliwa shule na baba zao. Wengi wao hawakujua hata walipo. Uchaguzi ulianza baadaye, watu walipoona ya kuwa kijana ajuaye kusoma apata kazi ya ukarani, ualimu au ukalimani.

Hapo wazee wa pwani waliingiwa na shaka. Elimu waliitaka, lakini hawakutaka mtoto arudi nyumbani na jina jipya na dini mpya. Vyuo vya Kurani walikuwa navyo, ila vyuo havikufundisha hesabu za ofisini. Wadachi waliyaona hayo, na mwaka 1892 serikali yao ikafungua huko Tanga shule isiyofundisha dini. Gavana von Soden alitaka hata kuwaweka walimu wa Kurani katika shule za serikali, lakini wamisioni walimpinga.

Katika Uganda mambo yalikuwa ya namna nyingine. Wakatoliki na Waprotestanti walikwisha kupigana vita huko Mengo mwaka 1892, na uhasama ule ukaingia shuleni. Mapadre wa Mill Hill walifungua shule ya Namilyango mwaka 1902. Waanglikana wakafungua King's College mwaka 1906, juu ya kilima cha Budo wanapotawazwa Makabaka. Na mwaka huo huo mapadre wa White Fathers wakaanzisha St. Mary's, ambayo baadaye ilikaa Kisubi. Kwa kawaida baba hakuuliza kwanza ni wapi wanafundisha vizuri zaidi, aliuliza, "Sisi ni wa kanisa gani?"

Kenya nayo ilikuwa na milango miwili. Misioni za Kiprotestanti ziliungana, zikafungua Alliance High School huko Kikuyu mwaka 1926. Wakatoliki walikuwa na shule yao Kabaa, iliyohamia Mang'u mwaka 1940. Lakini kuufikia mlango si kuingia, na kuingia si kumaliza. Tom Mboya, mtoto wa mfanyakazi wa shamba la mkonge, alisoma Mang'u tangu mwaka 1946, fedha zikapunguka, akatoka mwaka 1947 asiyamalize masomo yake. Mwai Kibaki alisoma shule hiyo hiyo hata mwisho, akaenda Makerere. Wote wawili walikuja kuwa mawaziri wa nchi yao. Lakini ni wazazi wangapi ambao watoto wao walirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, na majina yao hayakuandikwa popote?

Shule za misioni zilipataje nguvu hata zikatamaniwa hivyo? Katika miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ilikubali kuzisaidia kwa fedha, kwa sharti zikaguliwe na kufuata mafundisho yaliyowekwa. Mwaka 1928 Askofu Hinsley, mjumbe wa Papa, aliwaambia wamisioni Wakatoliki mjini Dar es Salaam ya kuwa, ikiwa hawawezi kuzitimiza kazi zote mbili, afadhali makanisa yangoje, shule zitengenezwe. Tangu hapo mashindano ya madhehebu yakawa mashindano ya madarasa.

Faida ilikuwa kubwa, na hasara haikukosekana. Mahali palipokuwa na misioni tu, baba Mwislamu alikuwa na njia mbili: kumtoa mtoto katika mafundisho ya nyumbani, au kumnyima kalamu. Wengi walichagua ya pili, na watoto wao wakachelewa. Julius Nyerere aliyajua hayo. Yeye mwenyewe alisoma shule ya serikali ya Tabora, akabatizwa mwaka 1943, akafundisha katika shule za Kikatoliki, St. Mary's ya Tabora na baadaye Pugu. Lakini chini ya uongozi wake ilitungwa sheria ya elimu ya mwaka 1969, na shule za misioni zikatwaliwa na serikali, Pugu na Minaki miongoni mwazo, ili mtoto asiulizwe dini yake mlangoni. Seminari zilibaki mikononi mwa makanisa. Katika miaka ya 1990 madhehebu na watu binafsi wakafungua shule kwa wingi tena, na uchaguzi ukarudi kwa mzazi.

Basi mzazi wa leo asidhani ya kuwa amepewa mzigo mpya. Auulize moyo wake yale waliyoyauliza wazee: Je, shule hii itamfundisha mwanangu bila kumtenga na nyumba yake? Je, ada nitaiweza hata mwaka wa mwisho, wala si mwaka wa kwanza tu? Na akitoka humo, atakuwa na njia gani mbele yake? Tena amwulize na mtoto mwenyewe, jambo ambalo wazee wetu walilifanya mara chache. Maana jina lililoandikwa juu ya lango huonwa na wapita njia. Atakayelala bwenini ni mtoto.