Mtungi na Amplifaya

Kabla nyaya za umeme hazijaenea katika nyumba za Singida, mkoa uliozaliwa mwaka 1963 kutokana na Jimbo la Kati, redio zilizonasa matangazo ya Dar es Salaam, yaliyoanza mwaka 1951, zilikuwa masanduku mazito ya valvu, yenye kula betri kwa ulafi, ambayo msikilizaji sharti ayasubiri yapate moto ndipo yatamke. Transista ilipowasili ilileta tahafifu ya uzito na gharama, lakini, tukisema kwa insafu, sauti yake ilikuwa nyembamba. Ndipo ukatumika, kama kwingineko bara, ufundi ninaoustahi kuliko wa viwandani: spika kuchomolewa, waya kurefushwa, na spika ile kulazwa juu ya mdomo wa mtungi wa udongo, hata besi la dansi, lililokuwa kana kwamba halikupigwa, likasikika dhahiri. Katika kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, vikundi vya watu wazima vijijini vilizizunguka redio hizo kusikiliza habari za vyoo na malaria, na besi halikuwa na shughuli hapo. Amplifaya ziliingia majumbani baadaye, pamoja na umeme; nao wazee wanaodai kwamba mtungi haukuwa na mvumo ule wa waya, mimi siwapingi.