'Locus standi': Maneno mawili yanayoangusha kesi za mashamba Kisii

MWANANCHI anayefika katika mahakama ya Kisii, Nyamira, Ogembo au Keroka kudai shamba la marehemu babake huenda akakumbana na maneno mawili ya Kilatini kabla hata hajaulizwa mpaka uko wapi: locus standi.

Locus ni mahali, standi ni kusimama. Kwa tafsiri sisisi, basi, ni 'mahali pa kusimama'. Kisheria ni haki ya mtu kuleta shauri na kusikizwa. Haiulizwi kama dai ni la kweli, bali kama aliyelileta ndiye anayestahili kulileta. Mawakili hukata maneno na kusema tu kwamba mlalamishi 'hana locus'.

Kosa la kawaida ni kudhani kuwa kuzaliwa bomani kunatosha. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Julai 1, 1981, humpa msimamizi wa mirathi uwezo wa kushtaki kwa niaba ya marehemu, na pasipo wosia uwezo huo huanza siku anapopewa barua za usimamizi. Anayeshtaki leo na kupata barua kesho, kesi yake ni batili tangu mwanzo. Mahakama ya Rufaa ilishikilia hivyo mwaka 1987 katika mzozo wa mazishi ya wakili S. M. Otieno.

Kanuni hii ina makali, hasa kwa mjane ambaye jirani anazidi kusogeza ua. Lakini ina sababu: bila hiyo, wana kumi wangeweza kumshtaki jirani mmoja mara kumi.

Kwa wenye haraka ipo barua yenye mipaka, inayoitwa ad litem, yaani 'kwa ajili ya shauri'. Humruhusu mhusika kushtaki au kujitetea tu. Anayeitumia kuuza au kugawa shamba aweza kutozwa faini ya hadi Sh10,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili.

Mwaka 1989, Wangari Maathai alishindwa kuzuia kwa kesi ujenzi wa jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi, kwa kukosa locus standi. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 22, ilifungua mlango huo: yeyote aweza kushtaki kwa manufaa ya umma. Hata hivyo, anayedai shamba la marehemu kwa kawaida bado hudaiwa barua.