Kiti Kimoja Kilivunja Jumuiya

Wasee, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza haikuuawa na wananchi. Mkataba wa 1967 uliwapa Kenyatta, Nyerere na Obote neno la mwisho. Januari 1971 Amin akampindua Obote. Nyerere akakataa kuketi naye. Basi! Kikao cha marais hakikufanyika tena. Reli na ndege za pamoja zikagombaniwa bila mwamuzi wa juu, mpaka 1977 kila mtu akashika njia yake.

Mkataba wa 1999 nao unataka marais wakubaliane wote. Mmoja akigoma, jambo linakwama. Na sasa nchi ni nane!

Wabunge wa Arusha je? Mimi hapa Kapkatet siwapigii kura. Huchaguliwa na Bunge la Nairobi.