Ngano ya Milanzi: madokezo katika sehemu ya kwanza

Ngano ya Milanzi ni simulizi ya asili ya utawala wa Wafipa, wakazi wa uwanda wa juu wa Ufipa ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania. Simulizi yenyewe ni ndefu, na sehemu zake hufuatana kama vitabu vya mfululizo mmoja: kushuka kwa mwene (yaani mtawala) wa kwanza na kuja kwa wanawake wageni, kisha enzi za ukoo wa Watwa, kisha mgawanyiko uliozaa dola mbili, Nkansi na Lyangalile. Makala hii inahusu sehemu ya kwanza tu, na hasa namna yatakayotokea baadaye yanavyotangulizwa humo. Watwa wanaotajwa hapa ni ukoo wa kifalme. Wasichanganywe na Watwa wa misitu ya Kongo na nchi za Maziwa Makuu.

Muhtasari

Mwene wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni, akaweka makao Milanzi, jirani na mahali ulipo mji wa Sumbawanga leo. Siku moja mwene wa Milanzi alikwenda kuwinda. Nyuma yake wakaja wanawake watatu kutoka mbali. Mkewe akawapa kigoda cha enzi, wakakikalia. Mwene aliporudi alikuta nchi imekwisha kupata wenyewe wengine. Palifikiwa mapatano: wageni wakachukua utawala wa nchi, naye akabaki na Milanzi, eneo dogo linaloizunguka, na heshima ya mambo ya ibada. Kizazi cha wanawake hao ndicho Watwa.

Onyo na kigoda

Dokezo kuu la sehemu hii ni onyo. Kabla ya kushika njia ya porini, mwene anamwambia mkewe kwamba wageni watakuja, na kwamba wakija asiwape kigoda. Si ndoto ya kufumbua wala si fumbo la mganga. Ni agizo la nyumbani, la mume kwa mke, na linataja kitu kinachojulikana na kila mtu. Msikilizaji akishasikia neno kigoda hana tena swali la nini kitapotea. Linalobaki ni namna kitakavyopotea.

Hapo ndipo ngano inapoonyesha ustadi wake. Kumpa mgeni mahali pa kukaa ni adabu ya kwanza ya nyumba yoyote, Ufipa na kwingineko. Mgeni husimamishwa mlangoni na mwenyeji mchoyo au mwenye ugomvi naye. Agizo la mwene linagombana na adabu hiyo. Kwa hiyo mama wa Milanzi ana njia mbili mbaya: kumkaidi mumewe, au kuwafukuza wageni walioingia kwake kwa miguu yao. Anachagua kuwakalisha, na watu wa pwani na bara hupenda kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika Milanzi mwenyeji hakupona. Wasimulizi humtwisha mama huyu lawama yote, na walioandika baada yao wamefanya vivyo hivyo bila kuuliza kwa nini mtu aliyejua hatari inakuja aliamua kwenda kuwinda.

Jibu linaweza kupatikana katika kazi ambayo onyo hilo lilifanya kisiasa. Kama mwene asingejua lolote, ngano ingekuwa habari ya mtu aliyeibiwa nchi. Kwa kuwa alijua, amekuwa mtu aliyeona mbele kuliko wote waliomshinda. Watwa walipata enzi, lakini ujuzi wa mambo ulibaki Milanzi, na heshima ya kiibada ya mwene wa Milanzi chini ya utawala wa Watwa ilisimama juu ya msingi huo. Dokezo hapa halikuwekwa ili kumweka msikilizaji roho juu. Liliwekwa ili aliyeshindwa asidharauliwe.

Madokezo mengine

Kushuka kwa Ntatakwa kutoka mbinguni ni dokezo linalopitwa kwa urahisi. Mwenye nchi mwenyewe alikuwa mtu wa kuja. Ngano inayoanza na ujio mmoja imekwisha kufungua mlango wa ujio wa pili.

Uwindaji nao una maana. Katika simulizi nyingi za asili ya tawala za Afrika Mashariki, mwindaji ndiye mgeni anayekuja kutawala. Mbegha wa Usambara, kama anavyosimuliwa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, anaingia nchini na mbwa wake na nyama ya kugawa, wenyeji wanamfanya mfalme. Milanzi imeipindua kanuni hiyo: mwindaji ni mwenye nchi, na uwindaji wake ndio unaompotezea nchi.

Waliorekodi

Joseph Thomson alipita Ufipa mwaka 1880 na kufika makao ya mwene Kapufi, lakini msafiri wa siku chache hakuwa na nafasi ya ngano. Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadre Weupe, waliofika Karema mwaka 1885, walikaa zaidi na kuandika zaidi. Askofu Adolphe Lechaptois alichapisha kitabu chake kuhusu nchi za kando ya Tanganyika mwaka 1913, kwa Kifaransa.

Mtafiti aliyeipa ngano hii umaarufu wa kitaaluma ni Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza, aliyeanza kazi yake Ufipa mwaka 1962, katika miaka ileile serikali ya Tanganyika ilipofuta mamlaka ya machifu. Katika makala yake ya mwaka 1967, aliyoipa jina la kichwa na kiuno, alisema Wafipa huiona Milanzi kama kichwa, yaani akili, ukubwa na utulivu, na Watwa kama kiuno, yaani nguvu, uzazi na mwendo. Kichwa bila kiuno hakizai, na kiuno bila kichwa hakijui kiendako. Kwa usomaji huo, kupokonywa kigoda kulikuwa kuunganishwa kwa mwili mmoja. Kitabu chake kikubwa cha mwaka 1981 kiliichukua ngano hii kama ufunguo wa historia ya Ufipa kabla ya ukoloni. Ni usomaji mzuri, ingawa mama aliyetoa kigoda anapata ndani yake nafasi finyu kuliko anayostahili.

Ulinganisho

Vladimir Propp, akichambua ngano za Urusi mwaka 1928, aliorodhesha katazo na uvunjaji wa katazo kuwa jozi moja: likitajwa la kwanza, la pili haliko mbali. Waganda wana mfano ulio karibu zaidi na Ufipa. Gulu, mungu wa mbinguni, anawakataza binti yake Nambi na mumewe Kintu, mtu wa kwanza, wasirudi nyuma hata wakisahau kitu. Ulezi wa kuku unasahauliwa, katazo linavunjwa, wanafuatwa na Walumbe, kaka wa Nambi, ambaye ndiye Kifo, na kifo kinaingia duniani.

Riwaya za kifantasia za siku hizi zinazochota katika visasili hupendelea utabiri wa mafumbo. Katika kitabu cha kwanza cha Percy Jackson cha Rick Riordan, kilichotoka mwaka 2005, kijana anatabiriwa usaliti wa rafiki, na msomaji anahangaika na jina la msaliti hadi sura ya mwisho. Milanzi haifichi jina wala kitu, na mambo yanaharibika vilevile.

Hali ya sasa

Milanzi ni kata katika Manispaa ya Sumbawanga, mkoani Rukwa. Wanafunzi wa fasihi simulizi mkoani humo wangefanya vema kuirekodi ngano hii upya kwa Kifipa na Kiswahili, na wawaulize bibi zao, si babu peke yao, kwa nini kigoda kilitolewa.