Ya zege au ya chuma?

Mteja akiingia duka la vifaa vya ujenzi pale Maili Moja, Kibaha, na kusema, "Kaka, naomba biti ya nane," muuzaji hatoi kitu bado. Huuliza kwanza: "Ya zege au ya chuma?" Mteja ametaja upana wa tundu, yaani milimita nane, lakini hajasema tundu hilo litatobolewa kwenye nini. Istilahi ninayotaka kuieleza imo ndani ya swali la muuzaji, maana biti mbili zenye upana mmoja zinaweza kuwa zana mbili tofauti kabisa, na kazi inayofanywa na moja kwa dakika ndiyo inayoiua nyingine.

Tuanze na majina. Mashine yenyewe mafundi wengi wa Pwani huiita drili. Kamusi huiita keekee, na wapo wanaoandika kekee. Neno hili ni la kale kuliko umeme. Keekee ya seremala wa pwani iliendeshwa kwa uta: kamba ya uta ilizungushiwa mti wa keekee, mkono mmoja ukausukuma na kuuvuta uta, mkono wa pili ukakandamiza kishikio cha juu, na mti ukazunguka kwenda na kurudi. Kamusi za zamani za Kiswahili zimehifadhi jina la kila kiungo. Mti unaozunguka ni msukano. Kishikio ambacho msukano huzungukia ndani yake ni jivu. Chuma cha chini, kile kinachoila mbao, ni kijembe.

Kwa hiyo kitu tunachokiita biti leo kilikuwa na jina lake zamani. Bahati mbaya jina hilo limeshachukuliwa na kazi nyingine: ukisema kijembe sasa, msikilizaji anafikiria maneno ya kuchomana, kama wanavyopigana vijembe wanasiasa na mashabiki wa mpira. Biti nayo haiko huru sana. Ni neno la watu wa kompyuta, na vijana wakisema fulani kachimbwa biti wanamaanisha katishwa. Hata hivyo, kati ya fundi na muuzaji hakuna anayechanganyikiwa, na mimi siungi mkono kulifukuza neno ambalo limekwisha kukaa mikononi mwa wanaolitumia. Biti ibaki biti. Kijembe nitakirudia mbele, kwa sababu naona kuna mahali kinapohitajika hasa.

Kitenzi cha kazi hii ni kupekecha, kile kile cha kuwasha moto kwa kuzungusha kijiti kigumu kwa viganja juu ya mti laini. Ni kitenzi kizuri, ila kinaeleza mzunguko peke yake, na mzunguko hautoboi. Kinachotoboa ni kile ncha inachokifanya inapogusana na kitu, na hapo vitu havifanani hata kidogo. Mbao hukatwa. Chuma hunyolewa. Zege hupondwa. Kigae husagwa. Anayeshika vitenzi hivi vinne ameshajua biti ya kununua, hata kama hajawahi kusoma maandishi ya pakiti.

Mbao ni nyuzi zilizolala upande mmoja. Biti ya mbao ina kimwiba katikati ya ncha kinachotangulia kushika mahali ili isiteleze, na pembeni ina makali mawili yanayokata nyuzi kwa duara kabla ya kuzikwangua. Ndiyo maana tundu lake lina mdomo safi. Ukitumia biti ya chuma kwenye mninga utapata tundu, ila nyuzi zitapasuka pembezoni, na upande wa pili mbao itabanduka vipande. Dawa yake ni kubana kipande cha mbao mbovu nyuma. Mkongo unahitaji subira zaidi: toa biti mara kwa mara ili unga utoke, la sivyo utaona moshi. Mpingo ni habari nyingine. Ni mzito hata unazama majini, na ugumu wake unaufanya uwe karibu na chuma kuliko mbao. Hapo biti ya chuma iliyonolewa vizuri, ikienda taratibu, ndiyo inayofaa.

Chuma hakina nyuzi za kukata. Makali ya biti hukinyoa tabaka kwa tabaka, na shombo zinazotoka, yaani vipande vyembamba vya chuma kilichonyolewa, zikiwa ndefu zilizojisokota, jua kazi inakwenda. Mifereji miwili iliyozunguka mwili wa biti ndiyo inayopandisha shombo hizo juu. Umbo hilo lilipewa hataza Marekani mwaka 1863 kwa jina la Steven Morse, na halijabadilika sana tangu hapo. Adui wa kazi hii ni joto. Chuma cha pua cha kawaida kikipata moto hulegea, na makali yaliyolegea hayanyoi, yanasugua, na kusugua kunazidisha moto. Kati ya 1898 na 1900, Frederick Taylor na Maunsel White wa kampuni ya Bethlehem Steel walipata namna ya kupika chuma chenye tungsteni ambacho hubaki kigumu hata kikipata wekundu. Uzao wake ni biti zilizopigwa herufi HSS mkiani, zilizojaa kila duka kuanzia Mlandizi hadi Kisarawe mjini.

Fundi wa mageti na grili atazame vitu viwili kwenye biti ya aina hii. Kwanza pembe ya ncha. Digrii 118 ni ya matumizi ya kila siku, na digrii 135, ambayo ni butu kidogo, ni ya chuma kigumu na kile kisichoshika kutu. Pili rangi. Rangi ya dhahabu ni utando mwembamba wa nitraidi ya titani, na ukiinoa biti hiyo, utando unatoka nchani na unabaki na chuma kilichokuwa chini yake. Biti yenye kobalti, kwa kawaida asilimia 5 au 8, ugumu wake umo mwilini mote, hivyo inavumilia kunolewa. Kwa chuma kisichoshika kutu, zungusha polepole na ukandamize kwa nguvu. Ukiiacha biti isugue pasipo kula, chuma hicho kinazidi kuwa kigumu papo hapo. Tia mafuta kidogo. Kwa alumini, matone ya mafuta ya taa huzuia shombo zisigande kwenye makali.

Sasa zege, ambalo ndilo linaloua biti nyingi kuliko vitu vyote. Mchanga tunaochanganyia zege una punje nyingi za kwatzi, na kwatzi ni namba 7 katika kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho kinaishia na almasi kwenye 10. Chuma cha HSS hakiushindi mchanga huo. Ukiipeleka biti ya chuma ukutani inaingia sentimita moja hivi kwenye plasta, inakutana na zege, inalia, na unapoitoa ncha imekuwa mviringo. Hakuna fundi aliye na nguvu za kulibadilisha jambo hilo. Zege halikubali kunyolewa. Lazima lipigwe lipasuke, kisha kilichopasuka kikwanguliwe.

Ndiyo sababu biti ya zege ina kichwa kipana kuliko mwili wake. Kichwani pamepasuliwa mwanya, na ndani yake pamechomelewa kibamba kidogo cha kijivu, cha kabaidi ya tungsteni. Kitu hiki kilitengenezwa Ujerumani. Karl Schröter alikiombea hataza mwaka 1923, na kampuni ya Krupp ikaanza kukiuza mwaka 1926 kwa jina la Widia, lililofupishwa kutoka maneno ya Kijerumani yenye maana ya "kama almasi". Kibamba hicho ndicho ninachotaka kukiita kijembe. Katika keekee ya kale kijembe kilikuwa chuma kigumu kilichopachikwa kwenye mti. Katika biti ya zege ni kabaidi ngumu iliyopachikwa kwenye chuma. Uhusiano ni ule ule, na tukisema "kijembe cha biti kimeng'oka" tutaeleweka bila kutaja madini, tena tutakuwa tumemwonyesha mnunuzi mahali pa kutazama. Kijembe kiwe kimekaa katikati sawasawa, kichomelewe pande zote, na kiwe kimetokeza kidogo kupita mwili wa biti. Kisipotokeza, mwili utakwama tunduni.

Kuponda kunahitaji mashine inayogonga. Drili ya kawaida yenye alama ya nyundo hugonga kwa visahani viwili vyenye meno vinavyorukiana. Hiyo inatosha kwa tofali imara na zege jepesi. Kwa nguzo na renta, tafuta ile ambayo ndani yake pistoni inasukuma hewa, na hewa inarusha nyundo ndogo inayoipiga biti. Mkia wa biti zake una mifereji na haukai sawasawa kwenye drili ya kawaida. Mfumo huo unaitwa SDS, na kampuni ya Bosch iliutoa mwaka 1975. Hapa Pwani kuna jambo la ziada la kuulizia: kokoto zilitoka wapi? Zege la kokoto za chokaa, kama zile za Kunduchi, linapondeka kwa urahisi. Kokoto za Lugoba, juu kidogo ya Chalinze, ni za mwamba mgumu hasa, na biti ikiziparamia inaweza kuyumba na kulitoa tundu nje ya alama. Anza na biti nyembamba, kisha panua. Ukisikia mlio umegeuka na unga unaotoka unametameta, umegonga nondo. Simama. Kijembe cha zege kwenye nondo huvunjika, na nondo yenyewe ni mfupa wa jengo. Hamisha tundu.

Vumbi la zege lisidharauliwe. Punje hizo za kwatzi zikisagika kuwa unga laini huingia mapafuni na hazitoki, na fundi anayepumua unga huo miaka mingi huishia na mapafu yaliyokakamaa. Barakoa si mapambo, na ndoo ya maji karibu ni msaada mkubwa.

Tofali za saruji za mtaani ni kinyume cha zege gumu. Tofali nyingi zina saruji kidogo na mchanga mwingi, na ukizipiga kwa nyundo ya mashine tundu la nane linakuwa la kumi na mbili, fisha inacheza ndani, na skrubu inatoka kwa mkono. (Fisha ni kile kidubwasha cha plastiki kinachotangulia tunduni kabla ya skrubu. Jina limetokana na Mjerumani Artur Fischer, aliyebuni fisha ya nailoni mwaka 1958.) Zima nyundo, tumia biti ya zege yenye upana mdogo kuliko fisha kwa milimita moja, na upulize tundu kabla ya kuichomeka. Katika nyumba za fito na udongo, ambazo bado zipo Maneromango na vijiji vya jirani, usitafute biti ya ukuta kabisa. Udongo haushiki fisha. Gonga kwa kiganja mpaka uipate nguzo nyuma ya udongo, kisha itoboe kama mbao, kwa sababu ni mbao.

Kimebaki kigae. Vilima vya Pugu, mpakani mwa Kisarawe na Dar es Salaam, vina akiba kubwa ya kaolini, udongo mweupe laini ambao mtu anaweza kuukwangua kwa ukucha. Udongo wa aina hiyo ni moja ya malighafi za vigae. Ukishachanganywa na madini mengine na kuchomwa tanurini, biti ya chuma inateleza juu yake bila kuacha hata alama. Mkoa wa Pwani sasa una viwanda vya vigae Mkuranga na Chalinze, na bidhaa zao zimefika kwenye nyumba za watu wa kawaida, kwa hiyo swali la biti ya vigae limekuwa la kila mtaa. Kigae hakikatiki wala hakinyoleki, na ukikiponda kinapasuka chote. Kinachobaki ni kukisaga. Kigae cha kawaida cha ukutani husagika kwa biti yenye kijembe chembamba chenye umbo la mkuki. Kaure, yaani kile kigae kizito ambacho hakinywi maji zaidi ya nusu ya asilimia ya uzito wake, kinataka almasi: bomba fupi lenye chembe za almasi mdomoni, linalozungushwa taratibu na kutiwa maji muda wote. Bandika utepe wa karatasi wenye gundi mahali pa tundu ili biti isiteleze. Bomba la almasi lianze likiwa limeinama kidogo, likishapata ukingo ndipo ulisimamishe.

Ukuta wa bafu ndio mtihani wa mambo yote haya, kwa sababu tundu moja la kutundikia kioo hupita kwenye vitu viwili au vitatu. Kigae kisagwe kwa almasi, nyundo ikiwa imezimwa. Ukishakipita, toa biti, weka ya zege, uponde saruji na tofali iliyo nyuma. Fisha isukume ndani mpaka mdomo wake uzame nyuma ya kigae, maana skrubu ikiikaza hutanuka, na ikitanukia ndani ya kigae, kigae kitapasuka siku hiyo hiyo au wiki ijayo fundi akishaondoka na malipo yake.