Kinyago na Hadithi Yake

Waswahili husema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Usemi huo una hekima yake, lakini historia ya vinyago vya mashetani katika Afrika Mashariki inauongezea jambo: kinyago kilichoachana na hadithi yake hakimtishi hata asiyekichonga.

Mgeni anayeshuka katika Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971, akaelekea Arusha kwa barabara, hupita Tengeru, katika kata ya Akheri, penye migomba na mibuni ya miteremko ya Mlima Meru. Akishamaliza safari ya mbugani, na kabla ya kurudi kwao, huingia katika maduka ya vinyago mjini Arusha. Huko, baina ya twiga na vifaru wa mti, humkuta kiumbe mweusi mwenye jicho moja, mdomo umekwenda upande, mguu mmoja umegeuka pembe. Huyo, huambiwa, ni shetani wa Kimakonde, sanaa ya kale. Umakonde wake hauna shaka. Ukale wake ndio wenye maneno.

Ni kweli kwamba Wamakonde wa nyanda za juu za Mueda, kusini ya Mto Ruvuma, ni wachongaji tangu zamani. Vinyago vyao vya mapiko vilivaliwa katika ngoma za jando na unyago, na wasiopita jandoni walitakiwa kuamini kwamba aliyekuja kucheza si mtu bali mzimu. Lakini vinyago hivyo havikuchongwa ili vipangwe rafuni. Sanamu ya shetani aliyesimama peke yake, asiyevaliwa wala kuchezwa, ilizaliwa mjini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950, miongoni mwa Wamakonde waliovuka Ruvuma kutafuta kazi, wengi wao katika mashamba ya mkonge.

Mwanzilishi anayetajwa ni Samaki Likankoa. Masimulizi yaliyoenea husema kwamba alikuwa amechonga sanamu ya binadamu ili ampelekee Mohamed Peera, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi aliyenunua kazi za wachongaji wengi wa Kimakonde, na sanamu hiyo ikavunjika mkono. Binadamu wa mkono mmoja asingepata mnunuzi. Samaki hakuitupa. Aliichonga upya, akaipotoa palipokuwa pamenyooka, ikatoka na sura ya kiumbe wa porini ambaye Wamakonde humwita nnandenga. Peera akaipenda, akataka nyingine, na wachongaji wengine wakaifuata njia hiyo. Ajali ikawa mtindo.

Jina lililokishika kiumbe hicho sokoni si nnandenga bali shetani, neno la Kiarabu lililokwisha kuwa la Kiswahili karne nyingi kabla. Kwa hiyo mwambao nao una fungu lake katika sanamu hii. Kiumbe alitoka Mueda, jina likatoka pwani. Wala pwani haikukosa viumbe wa namna hiyo. Katika ngano ambazo Edward Steere alizikusanya Unguja na kuzichapisha mwaka 1870, yumo nunda mla watu. Bibi wa pwani humtisha mjukuu kwa zimwi. Bibi wa Uchagani, jirani ya Meru, humtisha wake kwa irimu, neno la asili moja na zimwi. Hofu ni moja, sura ni nyingi, na Samaki aliipa hofu hiyo mwili wa kushikwa mkononi.

Arusha nayo ilikuwa na fungu lake. Mtindo mwingine wa Kimakonde, ule wa nguzo ya watu waliopandana mabegani, unahusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, na mwanzoni uliitwa dimoongo. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, siasa ilikwisha kuipa nguzo hiyo maana mpya, na jina lililodumu ni ujamaa. Neno la siasa likamezwa na mti.

Mambo ya aina hii hayakutokea kwa Wamakonde pekee. Marekani, mwaka 1964, kampuni ya Hasbro ilitoa G.I. Joe, mwanasesere wa kiume ambaye wenyewe walikataa kumwita mwanasesere. Mwaka 1978 Kenner ikauza sanamu ndogo za filamu ya Star Wars. Mwaka 1982 Mattel ikamleta He-Man na maadui zake wenye sura za kutisha, na kwa kuwa hawakuwa na ngano iliyowatangulia, kila sanamu ilifungwa pamoja na kijitabu cha hadithi yake. Leo watu wazima huzitafuta sanamu hizo za utotoni kwa bei kubwa, na iliyo na kijitabu chake huthaminiwa zaidi.

Hapo ndipo penye funzo. He-Man alikuwa na sanamu kabla ya ngano, akatungiwa ngano. Shetani wa Kimakonde alikuwa na ngano kabla ya sanamu, lakini alipoingia katika mkoba wa mgeni aliondoka bila hata ukurasa mmoja. Mnunuzi huambiwa asidanganywe katika mti, maana mpingo huchukua miongo mingi kukomaa, na miti mingine hupakwa rangi ya viatu ili ifanane nao. Hakuna amwambiaye aulize kiumbe huyu ni nani, anakaa wapi, na alimfanya nini mtu aliyekutana naye njiani usiku.

George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, aliwatoa mashetani katika mti akawatia katika rangi, wakicheka na kucheza ngoma, na kwa njia hiyo akawarudishia vituko vyao. Mwaka 2002 Zachary Kingdon alichapisha kitabu kizima juu ya sanamu hizo na wachongaji wake. Kazi iliyobaki ni ya ulimi. Mtoto wa Akheri aliyesikia habari za irimu, na mtoto wa Unguja aliyesikia habari za zimwi, wote wawili wanaweza kumtambua yule wa jicho moja, mradi awepo wa kuwasimulia. Akikosekana, kitakachobaki rafuni ni mti mweusi wenye bei.